Tumbaku ya Pwani na Mvinyo wa Mchele

Msafiri avukaye Feri kutoka Likoni huiacha minazi nyuma yake, na mbele yake hukiona kisiwa cha Mombasa, ambacho kwa karne nyingi kimepokea bidhaa za bahari na za bara. Tumbaku ni mojawapo. Mmea huu ni mgeni kwetu, maana asili yake ni Amerika. Ibn Battuta alipolala Mombasa usiku mmoja mwaka 1331, tumbaku ilikuwa haijajulikana upande huu wa dunia. Tambuu ilikuwapo, kwani huko Mogadishu msafiri huyo alikirimiwa majani yake pamoja na popoo. Wareno walifika Mombasa mwaka 1498, wakaanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593. Katika zama zao ndipo tumbaku ilipoenea katika bandari za Bahari ya Hindi, na hatimaye ikapata nafasi ndani ya tambuu, kando ya popoo na chokaa.

Jani bichi la tumbaku ni kali na halina harufu ya kupendeza. Ili lilainike, hukaushwa, kisha huvundikwa: majani hurundikwa yakiwa na unyevu kidogo, joto hupanda ndani ya rundo, na ukali hupungua. Kazi hiyo hufanywa na vimeng'enya vya jani lenyewe na vijidudu visivyoonekana kwa macho. Wako watengenezaji walioongeza kileo ili kutia unyevu na harufu. Mabaharia wa Uingereza walitumia ramu, kisha wakayafunga majani kwa kamba. Wengine wamejaribu mvinyo wa mchele, ambao wanga wake hugeuzwa kuwa sukari, na sukari kuwa kileo.

Je, wazee wetu walifanya hivyo? Shahidi mmoja ni Richard Burton, Mwingereza aliyefika Mombasa mwaka 1857, akaendelea hadi Usambara. Katika kitabu chake cha mwaka 1860 aeleza kwamba tumbaku ya Usambara ilisifiwa sana Unguja. Ilikandwa kuwa vidonge vya mviringo, upana inchi 4 na unene nusu inchi, vikafungwa kwa majani ya mgomba. Watu wa Khutu na Usagara waliitwanga na kuilowesha, wakafanya mikate ya ratli 3 hivi, na kuwauzia Wagogo kwa chumvi. Lakini Burton asema pia kwamba watu wa nchi hizi waliianika juani tu, bila kuivundika. Wala mvinyo hautaji.

Hapa hapana budi tumpime shahidi kwa maneno yake mwenyewe. Tumbaku iliyotwangwa, ikaloweshwa na kushindiliwa, hubaki na unyevu moyoni mwake. Ikisafirishwa siku nyingi katika joto, yaweza kuanza kuvunda bila mtu kukusudia. Huenda basi safari yenyewe ilifanya sehemu ya kazi ambayo Burton hakuiona.

Kukosekana kwa mvinyo si dalili ya ujinga. Wagema wa pwani walijua tangu zamani kwamba tembo la mnazi huchacha kwa saa chache tu. Mchele nao uliumuliwa, lakini ili kupata vitumbua na mkate wa kumimina. Mji wa Kale ulikuwa mji wa Waislamu, ambao kileo kwao ni haramu. Ni haki kudhani kwamba bidhaa ya kutiwa kinywani, iliyoloweshwa kwa mvinyo, isingepata mnunuzi kwa urahisi. Basi ufundi wa watu haufuati uwezo wao peke yake, bali hufuata na yale wanayoyaona kuwa halali.

Jambo moja zaidi wazee hawakuweza kulijua. Sayansi imethibitisha kwamba tumbaku ya kutafunwa huleta saratani ya kinywa, na kwamba baadhi ya sumu zake huongezeka wakati wa kukaushwa na kuvundikwa. Harufu nzuri haiondoi sumu. Kwa hiyo, msomaji, tuisome historia ya tumbaku kwa bidii, na tumbaku yenyewe tuiache.