Karamu ya Viziwi wa Paris

Kila yubile ina karamu yake. Ndugu wasomaji, nataka kuwaeleza habari za karamu moja isiyo na kelele, iliyoanza katika mji wa Paris, nchi ya Ufaransa, tarehe 30 Novemba 1834.

Aliyekumbukwa siku ile ni Padre Charles-Michel de l'Épée, aliyezaliwa mwaka 1712. Padre huyu aliwakuta wasichana wawili ndugu, wote viziwi, akasikitika kwamba hawana njia ya kufundishwa dini. Yapata mwaka 1760 akafungua shule nyumbani kwake, wala hakutoza ada. Wengi husema kwamba yeye ndiye aliyezua lugha ya ishara. Sivyo. Viziwi wa Paris walikuwa nayo tayari, kama alivyoshuhudia Pierre Desloges, kiziwi mwenye kazi ya kujalidi vitabu, katika kitabu chake cha mwaka 1779. Sifa ya Padre ni nyingine, nayo kwangu mimi mwalimu ni kubwa zaidi: alikubali kujifunza kwanza ishara za wanafunzi wake, ndipo akaongeza zake.

Akafa mwaka 1789. Miaka 45 baadaye Ferdinand Berthier, kiziwi na mwalimu wa viziwi, akawakusanya wenzake zaidi ya 50 mezani. Wakala, wakahutubiana kwa mikono, wakamsifu baba yao. Mle ndani asiyesikia hakupungukiwa na neno. Mwenye masikio asiyejua ishara ndiye aliyekuwa kama bubu. Ikawa desturi ya kila mwaka.

Na ilifaa sana, kwa maana mwaka 1880 walimu walikutana Milano, Italia, wajumbe 164, na kiziwi miongoni mwao mmoja tu. Wakaamua kwamba watoto wafundishwe kwa kinywa, ishara ziachwe. Walimu viziwi wakaondolewa madarasani, na mtoto aliyeonekana akisema kwa mikono huenda akaadhibiwa. Walakini amri hiyo haikufika bwenini, ambako watoto walifunzana kwa siri, wala haikufika karamuni, ambako wazee waliendelea kuhutubu kama zamani.

Mwaka 2005 sheria ya Ufaransa iliikiri lugha hiyo kuwa lugha kamili. Berthier alikwisha kufa tangu mwaka 1886.