Kiingereza Bila Idara ya Kiingereza

Tarehe 24 Oktoba 1968, wasomi watatu wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi walitia sahihi waraka wa kurasa chache wakitaka Idara ya Kiingereza ifutwe. Walikuwa James Ngugi, ambaye baadaye alijiita Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong. Kila anayesomea fasihi Nairobi hukutana na kisa hiki mapema, na kimesimuliwa mara nyingi hata kingo zake zimelainika: Waingereza walikuja na Shakespeare wao, Waafrika watatu wakasimama, Shakespeare akatimuliwa. Mambo hayakwenda hivyo. Shakespeare hakutimuliwa, kwanza, na watatu hao hawakuomba atimuliwe. Jambo la pili ndilo zito zaidi. Ukiusoma waraka wenyewe unakuta sehemu yake kubwa inahusu lugha na isimu, na hiyo ndiyo sehemu iliyoachwa njiani.

Chuo chenyewe hakikuanzishwa kwa ajili ya fasihi. Royal Technical College ilipewa hati ya kifalme mwaka 1951 na kuanza kupokea wanafunzi mwaka 1956, ikikusudiwa kuipa Afrika Mashariki wahandisi, wasanifu majengo na wahasibu. Wakati huohuo Wahindi wa hapa walikuwa wamechanga fedha za kujenga chuo cha kumkumbuka Gandhi, na nia yao ilikuwa masomo ya sanaa, sayansi na biashara. Walipokubali kuunganisha mpango wao na ule wa serikali, masomo ya sanaa yakapata pa kukaa. Jina la Gandhi lingali kwenye jengo la bewa kuu, na sanamu yake iko hapo. Mwaka 1961 chuo kikawa Royal College, wanafunzi wakisomea shahada za Chuo Kikuu cha London, na mwaka 1963 kikaingia pamoja na Makerere na Dar es Salaam katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki.

Kusomea Kiingereza wakati huo kulikuwa kuisoma historia ya fasihi ya Uingereza kwa mpangilio wa tarehe: Spenser, Shakespeare, Milton, hadi Joyce na T. S. Eliot. Mwanafunzi kutoka Nyeri au Kisumu alifika akiwa amekwisha kuandaliwa. Huko Kikuyu, upande wa magharibi wa jiji, shule ya Alliance iliyoanzishwa mwaka 1926 ilikuwa na desturi ya kuigiza tamthilia ya Shakespeare kila mwaka chini ya Carey Francis, aliyekuwa mkuu wa shule kuanzia 1940 hadi 1962. Ngũgĩ alisoma hapo kati ya 1955 na 1958.

Kuna jambo moja la Alliance ambalo halisemwi sana, nami naliona ni la thamani kwa msomaji wa Kiswahili. Katika miaka hiyohiyo ya 1950, wavulana wa shule hiyo walikuwa wakitunga na kuigiza tamthilia za Kiswahili. Henry Kuria aliandika Nakupenda Lakini, Kimani Nyoike akaandika Maisha ni Nini, Gerishon Ngugi naye akaandika Nimelogwa Nisiwe na Mpenzi, na zote zikaja kuchapishwa. Basi vijana walewale waliokariri mistari ya mfalme wa Uingereza ya kale walikuwa na jukwaa la pili, katika lugha ambayo hadhira ya mtaani ingeielewa. Chuo kikuu hakikuwa na nafasi ya jukwaa hilo la pili.

Serikali mpya nayo iliegemea Kiingereza. Tangu 1957, kituo maalumu cha Nairobi kilikuwa kikiandaa masomo ya kuwafundisha watoto wa Kihindi kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza, na baada ya uhuru Tume ya Ominde ikapendekeza Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia tangu mwanzo kote nchini. Walimu wa kigeni walikuwa wakiondoka. Shahada ya Kiingereza ikawa njia ya uhakika ya kupata kazi, iwe shuleni, wizarani, redioni au kwa wachapishaji waliokuwa wakifungua ofisi jijini.

Ngũgĩ alijiunga na idara mwaka 1967, akitokea Leeds. Taban lo Liyong alirudi kutoka Marekani, alikosomea uandishi Iowa, akiwa amekwisha kuwachokoza wenzake mwaka 1965 kwa makala ambamo aliuliza kama ukame wa fasihi wa Afrika Mashariki unaweza kutibiwa. Owuor-Anyumba, mtafiti wa nyimbo na masimulizi ya magharibi mwa Kenya, ndiye asiyekumbukwa sana kati ya watatu hao, nami nadhani ndiye aliyeujua undani wa jambo kuliko wote, kwa sababu alikuwa amekaa na waimbaji wenyewe.

Septemba 1968, kaimu mkuu wa idara, James Stewart, aliwasilisha kwenye bodi ya kitivo hoja kuhusu mustakabali wa masomo hayo. Ndani yake mlikuwa na suala la kuanzisha idara ya isimu na lugha, nafasi ya Kifaransa, na nafasi ya lugha za Kiafrika, Kiswahili hasa. Hoja hizo ndizo waraka wa Oktoba ulizojibu. Watatu hao walipinga dhana iliyokuwa chini ya yote, kwamba mapokeo ya Kiingereza ndiyo shina na Afrika ni tawi. Wakataka idara ya fasihi na lugha za Kiafrika: Afrika iwe katikati, kisha mwanafunzi atoke hapo kwenda Karibiani, Asia, Ulaya na kwingineko. Wakataka Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa vifundishwe, na penye uwezo viongezwe Kiarabu, Kihindustani, Kikuyu, Kijaluo na Kikamba. Kuhusu isimu walisema wazi kwamba ikae ndani ya idara hiyohiyo, kwa kuwa fasihi ndipo lugha inapoonekana ikifanya kazi, na anayeijua lugha huvuna zaidi katika fasihi.

Mwaka uliofuata ulianza kwa vurugu. Kiongozi wa upinzani, Oginga Odinga, alizuiwa kuhutubia wanafunzi, chuo kikafungwa, Ngũgĩ akajiuzulu kwa kupinga. Hata hivyo mageuzi yaliendelea. Andrew Gurr, Mwingereza aliyeongoza idara katika kipindi hicho, hakuwa kikwazo. Mwaka 1971 Nairobi iliandaa kongamano kuhusu ujumi wa watu weusi, na yeye na Pio Zirimu wa Makerere wakahariri kitabu cha kongamano hilo. Ngũgĩ akarudi mwaka huo, na mwaka 1973 akawa mkuu wa kile ambacho sasa kiliitwa Idara ya Fasihi. Neno Kiingereza halimo tena mlangoni. Ndani, mihadhara na mitihani ilibaki kwa Kiingereza.

Ubunifu mkubwa wa miaka hiyo ulikuwa fasihi simulizi. Mwanafunzi alikwenda likizoni na kinasasauti, akamrekodi nyanya yake au mlezi wa watoto anayejua hadithi, akarudi na kazi ya kuiandika hadithi kwa lugha yake kisha kuitafsiri kwa Kiingereza. Taban alitoa kitabu cha kazi za namna hii, Popular Culture of East Africa, mwaka 1972. Lakini hebu fikiria kazi yenyewe inavyokuwa mezani. Lugha ina toni, na tahajia ya wamisionari haionyeshi toni. Msimulizi anarudia kitenzi mara nne. Je, ni kosa, ni mkazo, au ni njia ya kuonyesha muda unaopita? Wimbo ulio katikati ya hadithi una maneno ya zamani yasiyotumika nje ya wimbo. Maswali haya ni ya isimu kutoka mwanzo hadi mwisho, na mwanafunzi wa fasihi aliyajibu kwa kubahatisha, kwa sababu isimu ilikuwa imekwisha kuhamia idara nyingine.

Huko ilikohamia haikulala. Katika Idara ya Isimu na Lugha za Kiafrika, Mohamed Hassan Abdulaziz aliandika juu ya mshairi Muyaka wa Mombasa kitabu kilichotoka 1979, kazi ambayo huwezi kusema ni ya isimu peke yake wala ya fasihi peke yake. Yeye na Ken Osinde walichapisha mwaka 1997 uchunguzi wa lugha mseto za Sheng na Engsh: ya kwanza ya mitaa ya mashariki mwa jiji, ya pili ya vijana wa familia zenye nafasi upande wa Westlands. Okoth Okombo aliipa Lugha ya Ishara ya Kenya hadhi ya somo la utafiti. Mhitimu wa fasihi angeweza kuyapita yote haya bila kuyagusa. Na fasihi ya Kiswahili, ambayo waraka uliitaka iwe miongoni mwa nguzo za idara mpya, ikafundishwa upande huu wa lugha. Iliwezekana basi mtu kuhitimu shahada ya fasihi Nairobi akimjua Achebe kwa undani, na Shaaban Robert kwa jina tu.

Mageuzi yalishuka hadi shuleni. Mwaka 1974 walimu na wahadhiri walikutana Nairobi School, kando ya barabara ya Waiyaki, shule iliyokuwa ya wavulana wa Kizungu kwa jina la Prince of Wales, kujadili ufundishaji wa fasihi ya Kiafrika. Mwaka 1982 kikatoka kitabu cha fasihi simulizi cha Akivaga na Odaga, kilichopita mikononi mwa wanafunzi wengi wa sekondari. Ng'ambo ya bewa kuu, katika Kenya National Theatre, The Trial of Dedan Kimathi ya Ngũgĩ na Mĩcere Mũgo iliigizwa Oktoba 1976 kabla ya kupelekwa Lagos. Mwaka uliofuata tamthilia ya Ngaahika Ndeenda, aliyoshiriki Ngũgĩ kuitunga, ikachezwa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, ikapigwa marufuku, na Ngũgĩ akatiwa kizuizini hadi Desemba 1978. Kazi yake ya chuo hakurudishiwa. Baada ya jaribio la mapinduzi la 1982 Mĩcere naye, aliyekuwa amekwisha kuwa mkuu wa kitivo, akawa uhamishoni. Yeye alifariki 2023 na Ngũgĩ 2025, wote Marekani.

Mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 uliunganisha Kiingereza na fasihi katika somo moja la sekondari. Hapo Kikuyu, umbali wa kutembea kutoka Alliance, bewa la elimu la chuo kikuu limekuwa likiandaa walimu wa jozi hiyo: Kiingereza na Fasihi. Mwanafunzi wa huko hubeba yuniti za fonolojia na sintaksia pamoja na za riwaya na ushairi. Kwa hiyo ndoa ambayo waraka uliziombea lugha na fasihi imefungwa kwa walimu, si kwa wasomi, na imefungwa kwa lugha moja tu. Jioni anayejiandaa kwa mazoezi ya kufundisha atapanga somo la irabu za Kiingereza ambazo wanafunzi wake hawatazisikia popote nje ya kanda ya mazoezi, kisha ageukie setibuku ya mwandishi Mkenya.

Mtaala wa umilisi umetenganisha tena masomo haya katika sekondari ya juu. Kiingereza ni cha lazima. Fasihi ya Kiingereza ni somo la kuchagua, na kando yake kuna Fasihi ya Kiswahili, nayo ya kuchagua, pamoja na lugha za kiasili na lugha ya ishara, zote katika mkondo mmoja. Kwenye karatasi, orodha hiyo inakaribiana na ile ya Oktoba 1968 kuliko chochote kilichokuja kati yake. Tatizo ni walimu. Tume ya kuajiri walimu humwandikisha mtu kwa masomo mawili. Aliyesomea Kiingereza na Fasihi amekwisha kutimiza mawili yake. Wa Kiswahili kwa kawaida amekiunganisha na Historia, Jiografia au Dini. Mwalimu anayeweza kuingia darasani asubuhi na Muyaka, na mchana na Okot p'Bitek, vyuo havijampangia kozi.