Maji Yaliyofichwa Ukutani

Kabla ya mabomba, wakulima wa Milima ya Taita na wa Taveta waliongoza maji mashambani kwa mifereji ya wazi. Mfereji ulipobomoka, tope lilionekana na watumiaji wakakutana kuuziba. Miaka ya 1950 lilijengwa bomba la kupeleka maji ya chemchemi za Mzima, ndani ya Tsavo Magharibi, hadi Mombasa. Polepole sehemu ya maji ya eneo la Taita na Taveta nayo ikapita chini ya ardhi kwa mabomba, na baadaye, katika nyumba za Voi, ikaingia ukutani nyuma ya vigae vya bafu. Naamini hasara kubwa ya mabadiliko hayo ni kwamba uvujaji ulipoteza mashahidi.

Atakayepinga atasema mfereji nao ulipoteza maji mengi kwa kunywewa na udongo na jua, tena ulichafuliwa na mifugo. Ni kweli, na sidai turudi huko. Ila upotevu ule ulijulikana. Kiungo cha koki kilichofichwa huvuja kimyakimya hadi rangi ibanduke upande wa pili wa ukuta. Dawa ni kurudisha ushahidi: fundi ajaze mabomba maji yenye shinikizo na kukagua kila kiungo kabla ya plasta, na aache kifuniko cha kufungulia. Mwenye nyumba naye afunge koki zote usiku, asome mita, kisha aisome tena alfajiri. Ikiwa imesogea, maji yanapotea mahali fulani.