Mwiba wa printf

Januari 2001 mnyoo wa kompyuta aitwaye Ramen alianza kutambaa kwenye mtandao. Akikuta seva ya Red Hat Linux 6.2 au 7.0 haijazibwa, aliingia mwenyewe, akabadilisha ukurasa wa mbele wa tovuti, kisha akatafuta seva nyingine. Alipitia programu tatu: wu-ftpd, rpc.statd na LPRng. Programu tatu, kosa la aina moja! Kosa gani hilo?

Turudi kwenye lugha ya C, aliyoibuni Dennis Ritchie pale Bell Labs mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kuandika maneno kwenye skrini unatumia printf, na alama za % huiambia iweke nini na wapi. Mwandishi makini wa programu huandika printf("%s", jina). Mvivu huandika printf(jina), na inafanya kazi vizuri tu, mpaka siku mgeni atakapojaza alama za % mahali pa jina. Hapo printf inazitii kama amri. %x inamfunulia yaliyomo kwenye kumbukumbu ya kompyuta. %n inaandika humo humo, na anayeweza kuandika humo anaweza kuiteka mashine nzima.

Je, hakuna aliyeliona kosa hili mapema? Lilionekana. Mwaka 1990 Barton Miller wa Chuo Kikuu cha Wisconsin na wenzake walichapisha matokeo ya kuzilisha programu za Unix herufi za ovyo ovyo. Programu ya csh ilianguka kwa sababu hii hii. Lakini ilichukuliwa kuwa programu imezimika tu, basi. Ikapita miaka kumi. Juni 2000 mbinu ya kuishambulia wu-ftpd ikatangazwa hadharani, ndipo watu wakaanza kupekua programu zao. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Miaka hiyo kompaila ya GCC ikapewa onyo lake, -Wformat-security. Tatizo, onyo lazima uliwashe, na ukishaliwasha ulisome! Ubuntu 8.10 ya mwaka 2008 ikaja nalo limeshawashwa. Fedora 21 ya mwaka 2014 ikaenda mbali zaidi: kwa kawaida programu yenye kosa hilo haijengwi kabisa.

Mnadhani yakaisha? Mwaka 2021 iPhone zilizojiunga na Wi-Fi yenye jina la alama hizo hizo zilipoteza Wi-Fi, na Apple wakalazimika kutoa marekebisho.

Mimi nipo upande wa Fedora. Onyo linalorukika litarukwa, hasa usiku wa manane kazi ikitakiwa asubuhi. Dawa yenyewe ni "%s" na mkato wake. Wewe unayejifunza C, iandike.