Mashine ya kurekodi televizyo: tununue ao tuache?

Wauzaji wengi wa vyombo vya umeme siku hizi wanasifu dekoda yenye kurekodi. Wanasema: ukienda shambani ao sokoni, mashine itakuwekea habari na mpira, utatazama ukirudi. Maneno hayo ni matamu. Lakini kwa familia inayolipa nyumba na shule, ao iliyokimbia vita na sasa inaishi kwa watu walioipokea, feza hiyo si kidogo. Kabla ya kuitoa, inafaa tujue mashine hii imetoka wapi. Historia yake inauliza maswali mawili: nani anashika saa, na nani anashika ufunguo?

Mwanzoni, saa ilikuwa ya watu wa televizyo peke yao. Mwaka wa 1956, kampuni ya Ampex ya Marekani ilionyesha mule Chicago mashine ya kwanza ya kurekodi picha iliyoweza kufanya kazi katika vituo vya televizyo. Ilikuwa kubwa kama kabati na bei yake ilikuwa karibu dola 50,000. Tarehe 30 Novemba mwaka ule, kituo cha CBS kiliitumia kwa kurudisha habari za jioni kwa wakaaji wa magharibi ya Marekani, ambao saa yao iko nyuma kwa saa tatu. Kwa hiyo kurekodi kulianza ili kushinda tofauti ya saa. Lakini mtu wa nyumbani hakuwa na chombo hicho.

Sisi Wakongomani tulishuhudia nguvu ya saa hiyo. Tarehe 30 Oktoba 1974, Muhammad Ali na George Foreman walipigana Kinshasa. Kengele ililia karibu saa kumi ya usiku, wakati ambapo mtu wa Kinshasa amezoea kulala. Sababu ni nini? Kule Marekani ilikuwa bado jioni ya tarehe 29, na watu walikuwa wamelipa kutazama pigano hilo moja kwa moja katika kumbi. Wageni walikuja kwetu, uwanja ulikuwa wetu, lakini saa ilikuwa ya wenye kulipa. Picha nyingine zilizochukuliwa siku zile zilikaa zaidi ya miaka 20, mpaka filamu When We Were Kings ilipotoka mwaka wa 1996. Picha iliyohifadhiwa vizuri inaweza kumngoja mtu muda mrefu.

Mwaka mmoja kisha pigano la Kinshasa, saa ikaanza kuingia nyumbani. Mwaka wa 1975, Sony ilileta Betamax. Mwaka wa 1976, JVC ikaleta VHS. Kaseti za kwanza za Betamax zilibeba saa moja, za VHS zilibeba saa mbili, muda wa kutosha kwa filamu nzima. Mwishowe VHS ilishinda, na ndiyo kaseti tuliyoizoea kwenye harusi, matanga na vyumba vya video vya kartiye.

Wenye filamu hawakufurahi. Universal na Disney waliishitaki Sony mwaka wa 1976, wakisema kurekodi nyumbani ni wizi. Kesi ilifika kwenye Mahakama Kuu ya Marekani. Tarehe 17 Januari 1984, majaji watano juu ya wanne walikubali kwamba mtu anaweza kurekodi programu nyumbani ili aitazame saa nyingine. Tangu siku ile ilijulikana wazi kule kwamba mtazamaji naye ana haki juu ya saa.

Halafu ikaja mashine isiyotumia kaseti. Mwaka wa 1999, kampuni ya TiVo ilianza kuuza sanduku lenye diski ndani, kama ya ordinatere. Aina ndogo ilibeba saa 14, kubwa saa 30. Iliweza kusimamisha mpira unaoendelea, mtu akaenda kufungua mlango, akarudi na kuendelea pale alipoachia. Iliweza pia kufuata ratiba na kurekodi yenyewe. Lakini ratiba hiyo ilitoka kwa kampuni, na ilidai abonema.

Hapo ndipo swali la ufunguo lilipoingia. Kaseti ulikuwa unaitoa, unaitia ndani ya mfuko, unaitazama kwa jirani. Sanduku la diski halitoi kitu. Watu wa Uingereza walilijua hilo mwezi wa Juni 2011, wakati huduma ya TiVo za kwanza kule ilipofungwa. Mashine zilikuwa bado nzima, lakini ratiba haikuingia tena. Mtu alikuwa na chombo kizima kilichopoteza kazi yake kubwa.

Kaseti nayo haikuwa na usalama wa milele. Mwaka wa 2016, kampuni ya Funai ya Japani, ya mwisho kujulikana kutengeneza mashine za VHS, iliacha kazi hiyo. Familia nyingi bado zina kaseti ya harusi ya wazazi lakini hazina pa kuiingizia. Mwenye kaseti kama hiyo atafute fundi mwenye mashine inayotembea, aihamishe kwenye flashi mapema, kwa sababu mashine hizo zinapungua kila mwaka.

Sasa turudi kwetu. Dekoda nyingi zinazorekodi, hata zile zinazoandika kwenye diski ya nje, zinafunga kazi yao kwa siri. Ukichomoa diski hiyo na kuitia kwenye ordinatere ao kwenye dekoda nyingine, haifunguki. Kwa dekoda za kulipia, abonema ikiisha, mara nyingi hata ulichorekodi mwaka uliopita hakionekani. Kwa mtu aliyewahi kukimbia usiku na begi moja, hilo ni jambo la kufikiri: sanduku likibaki nyumbani, kila kitu kimebaki.

Kuna pia umeme. Mashine inayongoja kurekodi haizimwi. Tuseme inakula wati 20. Kwa saa 24 ni wati-saa 480. Paneli ya jua ya wati 50, ikipata saa tano za jua zuri, inatoa wati-saa 250 tu, na hapo taa na telefone hazijapata kitu. Umeme ukikatika katikati, programu inakatika nayo, na diski inaweza kuharibika.

Kwa hiyo, mwenye umeme wa kudumu, nyumba ya kudumu na abonema anayoilipa bila kukosa, anaweza kununua; itamsaidia. Lakini kwanza amuulize muuzaji amwonyeshe pale pale: arekodi dakika tano, achomoe flashi, aifungue kwenye chombo kingine. Isipofunguka, ajue kwamba ananunua saa bila ufunguo.

Kwa familia iliyohama, ao inayoishi kwa paneli ndogo, ninaona feza hiyo ina kazi nyingine. Redio ndogo yenye kadi ya kurekodi inaweza kutosha. Sauti ya habari, kwa kipimo cha kawaida, inachukua karibu megabaiti 29 kwa saa moja, hivyo kadi ya gigabaiti 8 inabeba zaidi ya saa 250. Habari za usalama wa barabara, tangazo la chanjo, jina la mtoto anayetafutwa na wazazi wake: yote yanaweza kusikilizwa tena jioni, mama akitoka shamba. Na siku ya kuhama, kadi hiyo inakaa kwenye kona ya kitenge.