Kutoka Katuruka hadi Kemondo: Njia ya Chuma cha Buhaya

Ukitoka mjini Bukoba kuelekea kusini, barabara hukata katikati ya migomba na mibuni huku Ziwa Viktoria likichungulia upande wa kushoto. Siku hizi nchi hii ya Wahaya, yaani Buhaya, husifika kwa kahawa na ndizi. Zamani ilikuwa nchi ya chuma, na ushahidi umelala chini ya migomba hiyohiyo: mavi ya chuma, meusi, mazito kuliko jiwe la kawaida, na vipande vya mirija ya udongo vilivyoungua hadi vikang'aa kama kioo.

Aliyeanza kuifuata njia hii kwa dhati ni Peter Schmidt, mwanaakiolojia Mmarekani aliyefika Buhaya mwishoni mwa miaka ya 1960. Kabla ya kushika sururu alikaa na wazee. Wakamsimulia habari za Mfalme Rugomora Mahe wa karne ya 17, aliyeamuru wahunzi wake wajenge mnara wa chuma ufike mbinguni. Wakamwonyesha na mahali penyewe: Katuruka, penye mti mtakatifu wa Kaiija. Mtafiti mwingine angeiandika hadithi hiyo daftarini na kwenda zake. Schmidt alichimba karibu na mti, akakuta mabaki ya kazi ya chuma. Makaa yalipopimwa kwa kaboni, miaka ilirudi nyuma kupita enzi ya Rugomora, hadi zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Wako wataalamu wanaoonya kwamba makaa ya mti uliokwisha kuzeeka yanaweza kuongeza umri, lakini kwamba kazi ile ni ya kale kuliko mfalme, hilo lilithibitika.

Likabaki swali ambalo uchimbaji peke yake hauwezi kulijibu: chuma kile kilitengenezwaje? Hapo ndipo alipoingia Donald Avery, profesa wa uhandisi na bingwa wa metali katika Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, alikofundisha Schmidt pia. Mwaka 1976 waliwaomba wazee wa Kihaya wayeyushe chuma kwa mara nyingine. Kazi hiyo ilikuwa imekoma miongo mingi kabla, baada ya vyuma vya bei nafuu kutoka Ulaya kujaa sokoni, na wazee hao waliifanya walipokuwa vijana.

Walichimba shimo, wakalikandika udongo wa kichuguu, kisha wakachoma matete ya bwawani ndani yake mpaka shimo likajaa matete yaliyogeuka makaa. Juu yake wakasimamisha tanuri la udongo na mavi ya chuma ya zamani. Mirija minane ya udongo ikaingizwa ndani kabisa ya tanuri, kila mmoja na mvukuto wake. Majaribio ya mwanzo hayakufaulu. Ujuzi ule ulikuwa umegawanyika katika mikono ya watu wengi, na baadhi yao walikwisha kufa. Waliobaki walilazimika kukumbushana na kusahihishana, mpaka chuma kikatoka, tena chenye kaboni ya kutosha kuitwa feleji.

Mwezi Septemba 1978 jarida la Science likachapisha hoja yao. Kwa kuwa mirija ilizama ndani ya tanuri, hewa ilipashwa moto kabla ya kufika kwenye makaa, na joto likapanda kupita nyuzi 1,800 za Selsiasi. Kule Kemondo, papo hapo Buhaya, mabaki ya matanuri ya kale, yenye zaidi ya miaka 1,500, yalikuwa na mirija iliyoungua upande wa nje pia, ishara kwamba nayo ilikaa ndani ya moto. Huko Ulaya, James Neilson alipata hataza ya kupasha hewa ya tanuri mwaka 1828. Magazeti yakashangilia: Waafrika wamewatangulia Wazungu.

Wanametali wenzao hawakuikubali hoja kirahisi. J. E. Rehder alijibu mwaka 1986 kwamba hewa hupita kwenye mrija kwa kasi mno, haipati nafasi ya kupata joto la maana. Miaka kumi baadaye David Killick alionya kwamba kuipima Afrika kwa rula ya uvumbuzi wa Ulaya kunawanyima wahunzi wake sifa zao wenyewe.

Naliona onyo hilo kuwa la haki, na halimpunguzii Mhaya kitu. Hata tukiiweka kando hewa ya moto, shimo la matete linabaki. Mavi yenye chuma yalidondokea humo, kaboni ya matete ikayanyang'anya oksijeni, chuma kikajitenga na kupata ugumu wake. Huo ni utaalamu wa kemia uliobuniwa kwa vitu vilivyopatikana pale pale: bwawa, kichuguu na msitu.

Mwaka 1985 Schmidt alishiriki kuanzisha masomo ya akiolojia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Baadaye Bertram Mapunda, msomi Mtanzania, aliyachunguza matanuri marefu ya Ufipa, kusini-magharibi mwa Tanzania, yaliyofanya kazi kwa njia tofauti kabisa na ya Buhaya. Swali la nani alitangulia halimfai tena mtafiti. Lenye faida ni hili: kwa nini Mfipa na Mhaya, wote wakitafuta chuma, kila mmoja alichagua tanuri lake?