MGONJWA AKIISHA KURUDI NYUMBANI

Zamani safari ya mgonjwa wa akili kutoka Ifakara ilikuwa ndefu sana. Nyumba ya kwanza ya kuwatunza wagonjwa hao katika nchi yetu ilikuwa Lutindi, milimani Usambara. Huko wamisionari Wajerumani walilea watoto waliokombolewa utumwani tangu mwaka 1896, na mwaka 1904 wakaanza kuwapokea wenye ugonjwa wa akili. Kisha mwaka 1927, wakati wa Waingereza, ikafunguliwa hospitali ya Mirembe, Dodoma. Mtu wa bonde la Kilombero aliyepelekwa huko alikaa mbali na ndugu zake. Na aliporudi, dawa na mwangalizi vilibaki nyuma yake. Ugonjwa ukimrudia, safari ilianza upya.

Lakini ng'ambo ya mto wetu, huko Mahenge, ilionekana njia nyingine. Mwaka 1960 Daktari Louise Aall, mwanamke wa Norway, alianzisha kliniki ya wagonjwa wa kifafa. Kifafa si wazimu, wala wazimu si kifafa. Lakini wenye kifafa nao waliogopwa na kutengwa. Watu walidhani ya kuwa mate yao huambukiza, wakawalisha peke yao. Hata mmoja akianguka motoni, wengine waliogopa kumgusa. Daktari huyo hakuwafungia wagonjwa hospitalini. Aliwapa vidonge, wakarudi mashambani kwao, wakaja tena kwa siku iliyowekwa. Wengi wakapata nafuu kubwa, na wengine wakaacha kuanguka kabisa.

Hata hivyo yatupasa kusema kweli yote. Mwaka 1992 zilichapishwa habari za wagonjwa 164 wa kliniki ile waliofuatwa kwa muda wa miaka 30. Zaidi ya nusu walikuwa wamekwisha kufa, na wengi wa hao waliuawa na kifafa chenyewe: kwa kuzama majini, kwa kuungua, au kwa kushikwa mfululizo bila kupumzika. Tena vidonge vya kifafa vikikatwa ghafula, maradhi huweza kurudi kwa nguvu kuliko kwanza.

Katika miaka ya 1980 Serikali, ikisaidiwa na Shirika la Afya Duniani na nchi ya Denmark, ilianza mpango wa kuwatunza wagonjwa wa akili karibu na kwao. Mkoa wetu wa Morogoro ulikuwa mmoja wa mikoa miwili ya kwanza, pamoja na Kilimanjaro.

Basi, ndugu wasomaji, siku ndugu yetu atokapo hospitalini, kazi yetu ndipo inapoanza. Tuijue tarehe yake ya kurudi kliniki, nasi tumsindikize. Tusimwambie, "Umepona, tupa dawa," kwa kuwa tumemwona akilima na kucheka. Vidonge vikikaribia kwisha, tusingoje siku ya mwisho. Na jioni tumkaribishe tule naye sahani moja.